"Sistimu ilidukuliwa": tumeuliza ni nani tangu 2012, hatujauliza ni tangu lini

UZI. Ni mrefu kidogo, kaeni. Hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa hapa, kwa hivyo aliyekuja kutafuta wa kutukana atarudi mikono mitupu.

Kuna neno moja ambalo siasa zetu zimelichosha: kudukuliwa. Pesa zikipotea, sistimu ilidukuliwa. Matokeo ya kura yakipingwa, seva ilidukuliwa. Tovuti ya wizara ikilala, imedukuliwa. Upande mmoja unalitumia kama kisingizio, upande wa pili kama shtaka, na sisi huku chini tunachagua upande kisha tunarushiana maneno mpaka bando iishe.

Mtu wa Kariobangi ana faida moja kwenye mjadala huu: anaijua mitaro. Maji taka yakifurika barabarani hakuna anayeuliza adui ni nani. Swali la kwanza huwa ni hili: iliripotiwa lini? Bomba likipasuka leo asubuhi, hiyo ni bahati mbaya. Bomba lililoripotiwa Machi na bado linamwaga mwezi wa sita, hiyo ni kazi ambayo mtu fulani hakuifanya, na mtu huyo ana cheo na mshahara. Hebu tuichukue akili hiyo tuipeleke kwenye kompyuta za serikali.

Lakini kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo sisi huyaita yote udukuzi.

Kuna kuzibiwa mlango. Fikiria watu elfu kumi wametumwa kupanga foleni Huduma Centre ya Makadara, hawana haja ya kuhudumiwa, na wewe uliyetoka Kariobangi kufuata kitambulisho unarudi nyumbani bila kufika dirishani. Hakuna faili iliyoibwa. Kuna kuibiwa ufunguo, yaani mtu anaingia na paswadi ya afisa. Halafu kuna tundu: programu yenyewe ina kasoro, wenye kuitengeneza wameigundua, wametoa kiraka cha kuiziba, mara nyingi bila malipo ya ziada, na wezi nao wameshajua tundu liko wapi. Kilichobaki ni mtu kuketi kwenye ile seva akaweke kiraka. Hili la tatu ndilo ninalolitaka leo, kwa sababu siku kiraka kilipotolewa inajulikana na dunia nzima. Ukishakuwa na tarehe huwezi kudanganywa kirahisi.

Turudi Januari 2012. Usiku mmoja tovuti 103 za serikali ya Kenya zilichafuliwa na mtu mmoja kutoka Indonesia aliyejiita Direxer. Wizara, idara, hata mabaraza ya miji. Ilisemekana alikuwa anafuata mafunzo ya jukwaa moja la kule kwao, kama kijana anayejifunza kazi. Wakenya walicheka sana, kisha mjadala ukawa: huyu Mwindonesia tumemkosea nini?

Hatukuwa tumemkosea chochote. Mtu mmoja hawezi kubisha milango 103 tofauti usiku mmoja akafunguliwa yote, isipokuwa kama milango hiyo ina kitasa kimoja. Hapo ndipo swali lilikuwa: nani ndiye fundi wa kitasa, na mara ya mwisho alikiangalia lini? Miaka miwili baadaye, 2014, tukapata mkakati wa kitaifa wa usalama wa mtandao. Jibu la lile swali la fundi sikumbuki likitangazwa kwa sauti ile ile iliyotumika kumtangaza Mwindonesia.

Mwaka huo huo wa 2014 eCitizen ikaanza, na iTax ilikuwa imeshaingia. Hapa watu wengi wanaozungumzia "serikali ya kidijitali" huruka jambo kubwa: kaunta ya serikali ilihamia saiba. Mama wa Kariobangi South anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kijana anayetafuta cheti cha tabia njema ili aajiriwe kuwa soja, fundi wa Light Industries anayetengeneza mashine za kusaga na sasa anaitishwa risiti ya eTIMS na kila mteja mwenye kampuni, wote hao serikali yao ni yule dada wa saiba. Tarehe 30 Juni ya ritani za KRA, foleni inatoka nje.

Na hizo kompyuta za saiba? Tuseme ukweli. Nyingi ni zile zilizotumika ofisi za Ulaya zikaletwa huku. Windows ya kunakiliwa. Apdeti zimezimwa, na si kwa sababu mwenye saiba ni mjinga: apdeti moja inaweza kumaliza bando ya siku nzima, na mteja analipia dakika. Saiba nyingi pia zilikuwa zinaweka programu ya kugandisha mashine, kama Deep Freeze, ili kila kompyuta ikiwashwa irudi jinsi ilivyokuwa. Inafukuza virusi vya flash vizuri sana. Inafukuza pia viraka, kama mwenyewe hakumbuki kuigandua kwanza. Kwa hivyo wewe unaingiza paswadi ya iTax kwenye mashine ambayo imegandishwa ikiwa na matundu yake yote. Simlaumu mwenye saiba. Nasema tu kwamba serikali ilihamishia dirisha lake kwake na haikumwachia hata senti ya kurekebisha kioo.

2015, sakata la kwanza la NYS. Shilingi milioni 791 zilipitia IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali. Mwanzoni tuliambiwa ni jaribio la wizi ambalo limezimwa. Baadaye ikawa pesa zimeenda, na mjadala ukageuka kuwa paswadi za maafisa zilitumiwa na nani. Hilo ni la ufunguo, si la tundu, kwa hivyo napita haraka. Lakini lilitufundisha tabia mbaya: tangu hapo neno "mfumo" likawa mshukiwa. Mfumo hauwezi kupelekwa Milimani kujibu mashtaka.

Mwaka wa 2017 ndio wa kukaa nao.

Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha tundu kubwa kwenye Windows, sehemu ile inayofanya kompyuta za ofisi moja zishirikiane mafaili. Mwezi uliofuata, Aprili 14, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana za ujasusi zilizotoka kwa NSA ya Marekani, mojawapo ikiwa ya kupenya tundu lile lile. Mei 12, Ijumaa, ikaja WannaCry: inaingia, inafunga mafaili yako yote, inaitisha pesa, kisha inarukia kompyuta ya jirani yenyewe bila mtu kubonyeza chochote. Nchi kama 150 ziliguswa.

Hesabu siku. Kutoka Machi 14 hadi Mei 12 ni siku 59. Siku 59 dawa iko dukani.

Waliopigwa vibaya zaidi walikuwa hospitali za umma za Uingereza. Magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine, na miadi iliyofutwa ilikadiriwa kufika 19,000. Oktoba mwaka huo ofisi yao ya ukaguzi ikatoa ripoti. Ilisema taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika, kwamba zilizoambukizwa zilikuwa na Windows isiyo na kiraka ama ya zamani isiyohudumiwa tena, na kwamba onyo la kuweka kiraka lilikuwa limetumwa Machi na likarudiwa Aprili. Desemba serikali za Marekani na Uingereza zikailaumu Korea Kaskazini kwa shambulizi lenyewe.

Angalia hapo. Adui aligeuka kuwa nchi nzima, tena nchi yenye silaha za nyuklia, na bado mkaguzi hakukubali hilo liwe jibu. Yeye alikuwa ameshauliza barua ya kuonya ilifika mezani kwa nani, na baada ya hapo nani alifanya nini.

Sasa linganisha na sisi, miezi minne baada ya WannaCry. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. "Fungua seva" ikawa salamu ya mitaani. Walio wengi mpaka leo wanakumbuka vibaya kilichosemwa: upande mmoja unasema mahakama ilithibitisha udukuzi, upande wa pili unasema hakuna chochote kilichothibitishwa. Mahakama ilikuwa imeamuru tume ifungue seva zikaguliwe, na amri hiyo haikutimizwa jinsi ilivyotolewa. Kwa hivyo majaji walio wengi walisema, kwa ufupi wangu mimi, kwamba hawana budi kukubali moja kati ya haya: mfumo uliingiliwa, ama maafisa wenyewe walichezea data, ama tume ilikataa tu kukiri kwamba iliboronga usafirishaji wa matokeo.

Hadithi tatu tofauti kabisa! Mwizi wa nje, mwizi wa ndani, na uzembe. Bila lile daftari la seva linaloandika nani aliingia saa ngapi na kufanya nini, hata mahakama ya juu kabisa nchini haiwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana yule anayekwambia kwa uhakika wote kwamba "walidukua" ama "hawakudukua" anakuuzia hewa. Ukweli huo ungekuwa ndani ya kumbukumbu ambazo hukuonyeshwa.

Mei 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Mnaijua kwa vifungu vya habari za uongo, juu ndivyo vinavyokamata mabloga. Wanablogu walienda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa mwezi huo huo, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirudisha. Mjadala wote ulikuwa huko, na ulistahili. Lakini kuna kifungu cha 40 ambacho sijawahi kukisikia kwenye mkutano wa hadhara: kila anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma ama wa binafsi, aripoti shambulizi kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24, ama apigwe faini isiyozidi shilingi 200,000, ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote viwili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data taarifa za watu zikivuja.

Ni vizuri. Ila saa zote mbili zinaanza kuhesabu baada ya mwizi kuingia. Ile ninayoitafuta mimi inaanza siku kiraka kinatolewa.

Iko mahali. Novemba 2021 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilianza kuchapisha orodha ya matundu ambayo yameshaanza kutumiwa na wezi, si yale ya kinadharia. Kila tundu lina tarehe ya mwisho ya kuzibwa, na idara za serikali ya shirikisho zinalazimika kuifuata. Kawaida ni kama wiki mbili kwa matundu mapya. Mambo yakiwa moto inakuwa fupi zaidi: Julai 2025, tundu la SharePoint, programu ya kuhifadhi nyaraka za ofisi, liliwekwa kwenye orodha tarehe 20 na mwisho ukawa tarehe 21. Siku moja. Hazina ya Kitaifa ya Afrika Kusini ni kati ya waliosema wamekuta programu haribifu kwenye mojawapo ya mifumo yao wimbi lile lilipopita.

Orodha hiyo iko wazi kwa yeyote. Mtu wa IT wa kaunti yoyote Kenya anaweza kuifungua saa hii, bure, akailinganisha na seva zake. Na mwanahabari anaweza kumuuliza kama amefanya hivyo.

Turudi nyumbani. Juni 30, 2023 ilizinduliwa kwa shangwe hatua ya kuweka huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Julai 27, hata mwezi haujaisha, ikalala. Viza zikarudi kutolewa uwanjani, tiketi za SGR zikawa shida, tokeni za stima nazo zikasumbua watu. Kundi la Anonymous Sudan likajitangaza. Timeline yote ikawa "tumedukuliwa, data imeenda". Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Watu wakakataa kuamini, na kwa historia hii mtu akikataa kuamini siwezi kumlaumu, lakini kwa hili ushahidi uliokuja baadaye uliegemea upande wa serikali: Oktoba 2024 Marekani ilifichua mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, na kazi waliyoshtakiwa nayo ni ile ya kuziba milango kwa msongamano, zaidi ya mashambulizi 35,000 duniani. Yaani foleni bandia ya Huduma Centre. Kosa lililokuwa letu hapo ni kurundika huduma 5,000 nyuma ya mlango mmoja, na hilo ni swali la mpango, si la kiraka.

Nalitaja kwa sababu ukichanganya haya mawili unampa afisa njia ya kutorokea. Ukimlaumu kwa wizi ambao haukuwepo, atakanusha na atakuwa sahihi, halafu hutamwona tena siku ya swali lenyewe.

Takwimu nazo zinatuchanganya. Ripoti ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Januari hadi Machi 2025 ilitaja matishio bilioni 2.5. Magazeti yakaandika kana kwamba tumevunjiwa mara bilioni 2.5. Hapana. Hiyo ni kama kuhesabu kila mkono uliogusa kila kitasa kwenye Outering Road usiku kucha. Wengi wa hao si watu hata, ni mashine zinazojaribu milango ya dunia nzima zikitafuta tundu linalojulikana. Idadi ya walioshika kitasa haikusaidii. Ungetaka kujua ni milango mingapi ya umma yenye tundu la zamani kuliko siku thelathini, na hiyo ndiyo namba isiyosomwa.

Sasa nitetee upande wa pili, maana watu wa IT serikalini watanijia hapa chini, na wana hoja.

Kuweka kiraka si kushona kifungo. Unazima mfumo, unaweka, unawasha, na pengine hauwaki. Julai 19, 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama, iliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5 kwa siku moja, na ndege zikakwama dunia nzima. Afisa akiweka kiraka mfumo wa malipo ukalala wiki ya mishahara, ataandikiwa barua. Asipokiweka na tundu likakaa miaka mitatu bila mwizi kupita, hakuna atakayejua. Wewe ungefanya nini? Na hata ukikiweka, pengine umechelewa: kwenye lile tundu la SharePoint kiraka cha mwanzo cha Julai 8 hakikutosha, na waliokuwa wameshaingia walikuwa wameiba funguo za ndani. Ukiziba dirisha na mwizi yuko chini ya kitanda, umemfungia ndani na wewe.

Halafu kuna bajeti. Mfumo mpya ni matumizi ya maendeleo, una tenda, una uzinduzi, una utepe. Kiraka ni matumizi ya kawaida. Sijaona mtu akikata utepe wa kiraka. Mkataba wa aliyejenga ukiisha, mfumo unabaki kama nyumba ambayo kontrakta ameondoka na ramani.

Na wakati mwingine ramani haikuwa yetu tangu mwanzo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotoka mapema 2025 ilisema mfumo wa afya wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali, na kwamba haki za mfumo huo hazimo mikononi mwake. Mjadala uliofuata ulikuwa wa pesa, na pesa ni nyingi, naelewa. Lakini fikiria tundu likitangazwa Ijumaa jioni kwenye mfumo wenye rekodi za magonjwa ya watu. Nani anapigiwa simu? Ana amri ya kuuzima? Mwenye amri hiyo ni afisa wa umma anayeweza kuitwa mbele ya kamati ya bunge, ama ni mkurugenzi wa kampuni?

Novemba 17, 2025 tovuti za wizara kadhaa, ikiwemo ya Usalama wa Ndani, zilichafuliwa tena, safari hii kwa maneno ya ubaguzi wa wazungu. Miaka 13 na miezi kumi baada ya Direxer. Na mjadala? Hao ni kina nani, wametumwa na nani.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba 14, 2025, kilitokea kitu ambacho hakikupata hata nusu ya kelele. Windows 10 ilifika mwisho wa viraka vya bure. Ofisi ikitaka kuendelea kuvipata inalipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka mitatu tu. Hiyo ni kama shilingi 7,900 mwaka wa kwanza na karibu 55,000 kwa miaka yote mitatu, kwa mashine moja. Njia nyingine ni kuhamia Windows 11, na hapo kompyuta nyingi za zamani zinakataliwa kwa sababu ya umri wa prosesa na chipu ya usalama. Ndizo hizo hizo zilizojaa saiba za Kariobangi, na ukipita ofisi za umma utaziona pia, zimefunikwa kitambaa zisiingie vumbi.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kuuliza, kwenye kikao cha maoni ya bajeti cha kaunti ama kwa mbunge wako, uliza hivi: kompyuta ngapi za ofisi hii bado ni Windows 10, ni kifungu gani cha bajeti kinazilipia viraka, na jina la cheo cha anayesimamia ni lipi. Uliza sasa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na siku hiyo itakuwa karibu miezi 22 tangu viraka vya bure vikome.